Damu ya Mtoto: Kosa ni la Nani?



Katika kusanyiko letu hapa Tshangalele tulimzika mtoto wa miaka saba. Tangu utoto wake vidole vilikuwa vinavimba, macho yalikuwa ya manjano, na usiku alilia juu ya maumivu ya mifupa. Tulimwombea sana. Kisha mtu mmoja akasema ameonyeshwa katika ndoto kwamba nkambo wake, mama ya baba yake, ndiye anayekunywa damu ya mtoto. Mama mzee akafukuzwa lupangoni. Sisi wazee wa kusanyiko tulinyamaza, na watu wakahesabu kunyamaza kwetu kuwa ni kukubali.

Juu ya jambo hilo tunawaandikia leo, na tutaanza kwa habari za mtu ambaye hajafika kwetu.

Munganga Léon Tshilolo ni Mkongomani, munganga wa watoto, aliyefanya kazi katika hospitali ya Monkole, Kinshasa. Sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ameitoa kwa ugonjwa huu mmoja, ambao vitabu vinauita selimundu na sisi tunauita SS. Yeye na wenzake walipima damu ya watoto wachanga wa Kinshasa, mmoja baada ya mwingine, na mwaka wa 2009 walitangaza hesabu yao. Watoto 31,204 walipimwa. Kati yao 428 walikuwa na SS. Wengine 5,276 walikuwa AS, maana yake wamebeba alama moja tu na wao wenyewe si wagonjwa. Ni karibu mtoto mmoja katika kila sita.

Sasa tujibiane, wandugu. Nkambo gani ana miguu ya kuingia usiku katika nyumba 428?

Munganga hakuuliza ni nani amefanya. Aliuliza imekuwaje. Ndani ya mifupa yetu mna uboho, ule ule tunaounyonya katika mfupa wa mbuzi. Humo mna seli ambazo wachunguzi wanaziita seli shina. Ni kama shina la mgomba: machipukizi yote yanatoka kwake. Kila siku seli hizo zinazaa damu mpya, zikifuata agizo walilopewa na baba na mama pamoja. Kama wote wawili wametoa agizo la S, chembe za damu zinapinda kama mundu. Zinakwama katika mishipa membamba, na ndiyo yale maumivu. Zinavunjika kabla ya siku zao, na ndiyo macho ya manjano na upungufu wa damu. Hakuna anayeinywa.

Tena kuna neno ambalo tumekaa nalo siku nyingi. Mwaka wa 1954 mchunguzi Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtoto mwenye alama moja ya S anakingwa na malaria kali. Ndiyo sababu alama hii imeenea katika nchi za mbu. Sisi tunaolala kando ya ziwa hili hatuhitaji kuelezwa mbu ni nini. Basi huenda nkambo yule mwenyewe alivuka utoto wake, wakati wenzake walizikwa kwa homa, kwa sababu ya alama hiyo hiyo. Akamzaa mwanawe, akampa kilichomwokoa. Mwanawe akamwoa binti ambaye wazazi wake nao walimpa kilichomwokoa. Zawadi mbili zikakutana katika mtoto mmoja, zikamwua. Nasi tukamwita mama yule mchawi!

Mnakumbuka wanafunzi walivyomwuliza Bwana juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, kama kosa lilikuwa lake au la wazazi wake. Hakukubali hata moja. Tumelihubiri somo hilo mara nyingi sana, na siku ya shida tulirudia swali la wanafunzi.

Wengine watauliza: Je, wanganga hawa wanaponyesha? Ndiyo, lakini sikieni bei. Katika Marekani, mwaka wa 1984 ilitangazwa habari ya msichana mwenye kansa ya damu aliyewekewa uboho wa mtu mwingine; kansa ikaondoka, na SS yake ikaondoka nayo. Mwaka wa 2019 mama mmoja wa huko, Victoria Gray, alitolewa seli shina zake mwenyewe, zikabadilishwa, na dawa kali ikasafisha uboho wake wa zamani kabla ya kurudishiwa. Tiba hiyo ya seli ilikubaliwa katika Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, na Marekani bei yake iliwekwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Jirani zetu Watanzania wameanza kupandikiza uboho kwa watoto wa SS katika hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Hapo tunaona njia ikisogea karibu kidogo.

Lakini Tshilolo na wenzake wa Angola, Kenya na Uganda walichukua njia nyingine. Walijaribu dawa ya zamani, hidroksiyurea, kwa watoto zaidi ya 600. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2019: maumivu yalipungua, malaria ilipungua, kuongezewa damu kulipungua, na vifo pia. Dawa hiyo haiondoi ugonjwa. Mtoto anaimeza kila siku na anabaki SS.

Je, ni kazi ndogo? Kuna ndugu aliyetuambia kwamba uponyaji usio kamili si uponyaji. Hatukubaliani naye. Mtu aliyesoma sana angeweza kutafuta sifa ya kuponyesha mmoja kabisa. Yeye akakubali kuwapunguzia wengi. Hatusemi wale wa seli shina wamekosea, maana bila wao hata tumaini hatungelijua. Tunasema tu kwamba mama wa Tshangalele hawezi kungoja milioni mbili huku mtoto analia usiku huu.

Na ninyi vijana: pimeni damu, kipimo cha elektroforezi, kabla moyo haujafungwa na kabla mahari haijahesabiwa. AS akioana na AS, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto wa SS. Wazee wengine wanataka kusanyiko likatae kabisa kubariki ndoa kama hizo. Sisi tunaogopa kuweka sheria juu ya damu, maana sheria hiyo itamgeuza kila AS kuwa mtu wa kuepukwa, kama tulivyomfanya nkambo. Wajue kwanza, halafu waamue wawili, na yeyote asiwacheke.

Mtoto tuliyemzika ameacha mdogo wake wa kike, mwenye miaka miwili. Amepimwa. Ni SS. Wazazi wake wanatafuta makuta ya dawa, na sanduku la msaada liko wazi kwa ajili yake.

Nkambo anaishi sasa kwa ndugu zake, ng'ambo ya ziwa. Juma lijalo wazee wawili watavuka kwa mtumbwi kwenda kwake. Ni nani kati yao atakayeanza kusema, mpaka leo hawajapatana.