Tetemeko na Amri ya Tano

Norcia ni mji mdogo wa Italia katika milima ya Apennini, ndipo alipozaliwa Mtakatifu Benedikto. Chini ya milima hiyo miamba huvutwa polepole, milimita chache tu kila mwaka, hata ikishindwa kuvumilia hukatika ghafula, nayo nchi ikatetemeka. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1703, na 1859, na 1979. Wala ardhi ya huko haijatulia hata leo.

Usiku wa tarehe 24 Agosti 2016, watu wakiwa usingizini, tetemeko liliipiga milima hiyo. Katika mji wa Amatrice na sehemu za jirani walikufa watu karibu 300, wengi wao wamefukiwa na kuta za kale za mawe. Norcia, uliokuwa karibu vilevile na chanzo cha tetemeko, hakufa mtu. Je, tuseme kwamba watu wa Amatrice walikuwa na dhambi kuliko jirani zao? Bwana wetu amekwisha kutujibu. Alipowataja wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kuwahesabu kuwa wakosefu kuliko wenzao wa Yerusalemu. Bali aliwaita walio hai watubu.

Nayo toba haiishii midomoni. Baada ya tetemeko la 1859, serikali ya Papa, iliyotawala Norcia siku zile, ilitoa sheria ya kujenga nyumba fupi zenye kuta nene. Baada ya lile la 1979, nyumba nyingi ziliimarishwa tena. Waashi wale hawakujua watamwokoa nani, lakini kazi yao ililinda watoto waliokuwa hawajazaliwa bado.

Tarehe 30 Oktoba 2016 likaja tetemeko kubwa zaidi, la kipimo cha 6.5. Basilika ya Mtakatifu Benedikto ilibomoka, ukabaki ukuta wa mbele. Hata hivyo hakuna aliyekufa kwa kufukiwa, kwa maana watu walikuwa wamekwisha kuondoka katika majengo yenye nyufa. Kanisa hujengwa tena. Uhai wa mtu haujengwi tena.

Wala tusidhani kwamba hayo ni ya Wazungu peke yao. Mwaka ule ule, tarehe 10 Septemba, Bukoba nayo ilitikiswa, na ndugu zetu wakafa kwa kuangukiwa na kuta.

Kwa hiyo twasema wazi: kuzuia tetemeko hatuwezi, lakini kujenga vema twaweza. Anayepunja saruji ili aongeze faida, na anayewalaza wapangaji chini ya ukuta anaoujua kuwa umepasuka, na ajiulize mbele ya Mungu juu ya Amri ya Tano. Tuwaombee marehemu wa Amatrice na wa Bukoba. Kisha, tukitoka kanisani, kila baba wa nyumba azitazame kuta wanamolala watoto wake, na aliye fundi amsaidie jirani asiyejua.