Suali la Uraka, na Mwenye Kuuonja Asiumeze

Sifa njema zote zamthubutikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie bwana wetu Muhammad na Aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo, suali limetujia kutoka Newala, nasi twaliandika hapa pamoja na jawabu lake, kwani twaona kuwa wenye kulihitaji ni wengi kuliko aliyeliuliza.

Muulizaji ni Muislamu mwenye shamba la mikorosho. Asema kuwa hanywi ulevi, wala hajapata kulewa maishani mwake, lakini apenda ufundi wa kutengeneza uraka. Kila msimu, tangu Oktoba mpaka Desemba, huyachagua mabibo, mekundu mbali na ya manjano mbali, akayakamua, akayachuja, akayaacha usiku mmoja katika chungu hiki na siku mbili katika kibuyu kile. Kisha huonja kwa ncha ya ulimi na kutema, apate kujua upi umetulia na upi umekuwa mkali, na yote huyaandika katika daftari. Rafiki zake wawili watatu nao hufanya hivyo, na jioni hukutana wakalinganisha. Unaobaki huwapa majirani. Auliza: maadamu haumezi, na maadamu nia yake ni ufundi wala si ulevi, dhambi yake ni ipi?

Hatulicheki suali hili, wala hatusemi kwamba mwenyewe ni mnafiki. Mtu aweza kuipenda kazi ya mikono kwa ajili ya kazi yenyewe, na mwenye kuandika upi umeharibika na kwa sababu gani ana subira ambayo wanafunzi wetu wengi wa chuoni hawana. Wala mambo haya si ya Newala peke yake. Uingereza ilifuta sharti la leseni kwa mwenye kupika bia nyumbani kwa matumizi yake mwaka 1963, na Marekani ikaliruhusu jambo hilo katika sheria ya serikali yake kuu mwaka 1978. Wako huko watu wengi waipikao jikoni mwao, wakaionja kama sisi tuonjavyo kahawa, wakashindana kwayo. Na sisi watu wa pwani tusijione tumeepukana. Methali ya mgema asifiwaye akalitia tembo maji haikuteremka kutoka Newala. Ilitoka katika minazi yetu.

Msomaji wa Lindi na Kilwa yampasa kwanza aijue nchi yenyewe. Juu ya uwanda wa Makonde hapana mto. Mvua ikinyesha hunywewa na mchanga. Karl Weule, mwanachuoni wa Kijerumani aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906, aliwakuta watu wakiteremka magenge kufuata maji, kisha wakapanda nayo. Pombe ya mtama yataka maji mengi, na maji hayo yalikuwa juu ya vichwa vya wanawake. Bibo halitaki maji, limejaa maji yake lenyewe. Mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16, na kusini huku ukawa zao kubwa la biashara katika karne ya 20. Mwenye shamba huuza korosho, na bibo, ambalo ni zito kuliko korosho yake mara nyingi, hubaki chini ya mti, na baada ya siku moja au mbili limekwisha haribika. Hivyo ndivyo uraka ulivyopata mlango: tunda la bure, lisilotaka maji, lisiloweza kungoja. Wako pia wanaoukeneka ukawa gongo, ambalo sheria ya Tanzania ya mwaka 1966 yakataza kulitengeneza bila ya leseni. Hilo halina suali, nasi hatutalirudia.

Tuje katika hukumu. Sharia haikutazama jina la kinywaji wala tunda kilikotoka. Abu Musa Al-Ash'ari r.a. alipotumwa Yaman alimuuliza Mtume s.a.w. juu ya vinywaji viwili vya watu wa huko, kimoja cha asali na kimoja cha shayiri, naye akajibiwa kwa kanuni moja yenye kuvikusanya vyote, nayo ni kulevya. Sayyidna Umar r.a. naye alipokhutubu juu ya mimbari alivihesabu vitu vitano ambavyo watu wa wakati ule walitengenezea ulevi, yaani zabibu, tende, asali, ngano na shayiri, kisha akaongeza kwamba ulevi ni kila kinachoifunika akili. Bibo halikutajwa, kwani halikujulikana Madina, lakini limeingia katika neno hilo la mwisho.

Tena, ambacho kingi chake chalevya, kichache chake nacho kimekatazwa, ijapokuwa hakilevyi. Hapa hutokea mtu akasema amesikia kuwa Imamu Abu Hanifa aliruhusu kichache katika visivyotokana na zabibu na tende. Kauli hiyo imepokewa kweli, lakini mwanafunzi wake Muhammad bin Hasan aliikhalifu, na fatwa ya Mahanafi wa nyuma ni juu ya kauli ya mwanafunzi. Nasi ni Mashafii. Ni ajabu mtu asiyejua hata kutawadha Kihanafi kuijua mas'ala hii moja tu katika madhehebu yao.

Walakini haifai kuzidisha. Mtume s.a.w. alikuwa akirowekewa zabibu katika maji, akanywa siku ile, na ya pili, na ya tatu mpaka jioni, kisha kilichobaki hupewa mtumishi au humwagwa. Ameipokea Muslim kwa Ibn Abbas r.a. Na hapo kwanza aliwakataza wajumbe wa Abdul-Qays kuroweka katika vibuyu, na mitungi iliyopakwa, na magogo ya mtende yaliyochimbwa, kwani vyombo hivyo hukiharakisha kinywaji na kuuficha ukali wake. Baadaye akaviruhusu vyombo vyote kwa sharti la kutokulevya. Fahamu jambo hili, ewe ndugu: kibuyu kiliachiwa, na hatia ikabaki katika kilichomo ndani yake.

Basi maji ya mabibo yaliyokamuliwa asubuhi yakanywewa adhuhuri ni halali, na ni mazuri pia, ukiuvumilia ukakasi wake. Togwa tamu vilevile. Wala mtu asizishike zile siku tatu za zabibu akazipeleka Newala. Chachu iko juu ya ganda la bibo lenyewe, nayo ni kiumbe hai kinachokula sukari na kutoa kileo, kama alivyobainisha Mfaransa Louis Pasteur katika miaka ya 1850. Katika joto la Novemba, asubuhi ya pili mapovu yamekwisha panda. Mwenye shaka na aache.

Sasa tuje kwa ulimi. Muulizaji ametuletea kiyasi: mwanamke aliyefunga Ramadhani huonja mchuzi kwa ulimi akautema, na saumu yake haibatiliki, basi na yeye ni vivyo hivyo. Kiyasi hiki kina mguu mmoja. Mchuzi ni tohara, na mpishi ana haja ya kuujua, ndipo alipoachiwa. Bila ya haja ni makuruhu hata kwake. Uraka uliokwisha kulevya, katika madhehebu yetu, ni najisi mfano wa mkojo. Mwenye kuutia kinywani bila ya dharura ameingiza najisi mahali anapomtajia Mola wake, na ni lazima kinywa hicho akioshe kabla ya kusali.

Lakini najua kuwa jawabu la najisi peke yake halitamtosha, kwani atasema: basi nitaunusa tu. Kosa lake liko mbele ya ulimi. Adhani kwamba haramu hii ina mlango mmoja, nao ni koo, na maadamu ameufunga huo yeye yu nje. Tirmidhi amepokea kwa Anas bin Malik r.a. khabari ya watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya ulevi: mwenye kuukamua na mwenye kukamuliwa, mwenye kuunywa, mwenye kuuchukua na mwenye kuchukuliwa, mwenye kuunywesha, mwenye kuuuza, mwenye kula thamani yake, mwenye kuununua na mwenye kununuliwa. Wahesabu. Katika kumi hao anayemeza ni mmoja tu, na tisa waweza kuwa na midomo mikavu. Na wa kwanza kutajwa ni fundi.

Hata daftari lake lamshuhudia. Hawezi kuandika kuwa huu ni mzuri kuliko ule illa awe na kipimo, na kipimo cha uraka kimewekwa na wanywaji. Ustadi wake wote ni utumishi kwa mtu ambaye yeye mwenyewe hataki kuwa. Na yule jirani aliyepewa masazo, akarudi kwake usiku akampiga mkewe, hakuyapata kwa mlevi mwenziwe. Alipewa na mtu mwenye kanzu safi, mwenye akili timamu.

Nasi tukisema hivi juu yake, haifai kuwanyamazia wengine. Wako wenye mashamba wasiojua hata chungu cha uraka kikoje, lakini mabibo yao huyauza kwa debe. Imamu Nawawi katika Minhaji ameitaja biashara ya tende mbichi na zabibu kwa mwenye kukamua ulevi miongoni mwa zilizokatazwa. Wanazuoni wamefafanua: muuzaji akijua, au dhana yake ikawa na nguvu, ni haramu, akiwa na shaka tu, ni makuruhu. Wajane wa Masasi na Newala wapikao uraka ili walipe gharama za skuli za watoto hulaaniwa katika mawaidha yetu kila msimu, nami ni mmoja wa waliowalaani. Sijapata kumsikia mtu akimtaja aliyewauzia mabibo. Pengine alikuwa amekaa safu ya mbele, na mikeka aliyoutolea msikiti tulikwisha ipokea.

Ama jirani zetu Wakristo, walioko Masasi tangu mwaka 1876 Askofu Edward Steere alipowaweka pale watu waliotoka utumwani, wana dini yao, na hatukutumwa kumwaga vyungu vya majumbani mwao. Lakini kutokumwaga ni jambo moja, na kumuuzia mtu mabibo ni jingine.

Muulizaji apenda ufundi, na Sharia haikumfungia mlango. Na atengeneze siki. Akamue kwa nia ya siki tangu mwanzo, na hapo nia aliyoiuliza ina kazi kweli, kwani ulevi unaopatikana katikati ya njia kwa mwenye nia hiyo wanazuoni wetu hawakumlazimisha kuumwaga. Huuacha mpaka ugeuke wenyewe. Ukigeuka wenyewe ni tohara pamoja na chungu chake. Ukitiwa kitu cha kuugeuza, mkate au kitunguu au kinginecho, hautohariki. Kukihamisha chungu kutoka kivulini kwenda juani hakudhuru katika kauli iliyo sahihi zaidi. Baadhi yao walisita katika kinywaji kilichochanganywa na maji, na hapa mtu wa Newala ana bahati kuliko wengine, kwa kuwa bibo lake halikuchanganywa na kitu. Akifunike chungu kwa kitambaa chepesi, hewa ipate kuingia na kisianguke kitu ndani, akingoje majuma mengi, wala asionje njiani, pua itamwambia. Daftari aendelee nalo, na wale rafiki zake vilevile. Akipata iliyo nzuri na atuletee pwani, kwani maembe ya achari tunayo, na siki twanunua dukani.

Wallahu aalam.