Mlio wa Mbuzi Usiku

Katika msitu wa mlima Meru chui angaliko, naye akishuka usiku huchukua mbuzi. Mwenye mbuzi hukasirika, tena ana haki. Wengine husema, "Na tumwite kwa mlio wa mbuzi, akija, tumwue." Sheria ya mwaka 2009 yakataza kuwinda pasipo kibali, lakini sisi twauliza, je, jambo lenyewe ni jema?

Tusiseme upesi kwamba kila hila ni ovu. Mvuvi huificha ndoana ndani ya chambo, wala hatumwiti mwongo. Huko Maasai Mara, katika nchi ya Kenya, wataalamu walitumia vipaza sauti kuwaita simba na fisi ili wawahesabu. Habari zake zilichapwa mwaka 1998. Wanyama walidanganyika, lakini walirudi na uhai wao.

Bali mlio huu wa kuua una kasoro kubwa: hauchagui. Humwita mwenye njaa, si mwenye hatia. Huenda aliyekula mbuzi jana amelala ameshiba, na huyu ajaye hajatukosea neno. Tukimwua, tumelipiza kisasi, hatukuhukumu.

Basi, yatupasa kwanza kuliimarisha zizi, kuufunga mlango vizuri, na kuwapasha habari askari wa wanyama. Tena tujiangalie na kati ya watu. Maana awekaye fedha mahali pa wazi ili amnase mwizi wa jana, mara nyingi humnasa mhitaji wa leo.