Je, Hofu Humlinda Mgonjwa?

Watu wengi hudhani kwamba usalama wa mgonjwa hospitalini husimama juu ya nguzo mbili: elimu ya muuguzi, na ukali wa adhabu inayomngojea akikosea. Juu ya elimu hatuna ubishi. Lakini hiyo nguzo ya pili imekubaliwa bila kupimwa, na roho za watu zimeegemezwa juu yake. Basi yafaa tuipime.

Tuchukue mfano mmoja uliojulikana sana. Mwezi wa Desemba 2017, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Vanderbilt, mjini Nashville, Marekani, alikuwako mama wa miaka 75 aliyelazwa kwa kuvuja damu ubongoni. Hali yake ilikuwa imeanza kutengenea. Alipelekwa kupigwa picha, na kwa kuwa aliogopa kuingizwa katika mashine ile, daktari aliagiza apewe dawa ya kumtuliza iitwayo Versed. Muuguzi RaDonda Vaught aliliendea kabati la dawa linaloendeshwa kwa kompyuta, akaandika herufi mbili za mwanzo za jina hilo, V na E. Dawa haikuonekana, kwani kabatini ilikuwa imewekwa kwa jina lake la pili, midazolam. Akaondoa kizuizi cha kabati, akatafuta tena kwa herufi zile zile, akatoa vecuronium, dawa inayopoozesha misuli hata mtu asiweze kuvuta pumzi. Akamdunga mgonjwa, akaondoka. Siku ya pili yake mama yule alifariki.

Haki yatutaka tuseme kwamba kosa hilo halikuwa dogo. Dawa aliyoitoa ilikuwa ya unga wa kuchanganya, ilhali aliyoagizwa ni ya maji. Na juu ya kifuniko cha chupa paliandikwa onyo. Mwenye kusema kwamba muuguzi huyu hakuangalia, hasemi uongo. Lakini tutazame yaliyofuata. Alipoonyeshwa chupa aliyoitumia alikiri pale pale. Hakumtupia mwenzake lawama wala hakufuta maandishi. Hospitali ilimfukuza kazi Januari 2018, lakini yenyewe haikuipasha serikali habari za kosa lile la dawa kama ilivyopasa. Wakaguzi walikuja baadaye, mwaka ule ule, baada ya kudokezwa na mtu asiyejitaja. Mwaka 2019 muuguzi alikamatwa. 2021 akanyang'anywa leseni. Machi 2022 akatiwa hatiani kwa kuua kwa uzembe. Na Mei akahukumiwa kukaa miaka 3 chini ya uangalizi wa mahakama, bila kwenda gerezani. Hakuna mwingine aliyeshtakiwa, ingawa mahakamani ilielezwa kwamba kuondoa kizuizi cha kabati lilikuwa jambo la kila siku siku zile.

Sasa, ndugu msomaji, jiweke mahali pa muuguzi mwingine aliyezisikia habari hizi. Usiku, wodi imejaa, ametoa dawa isiyo yake, na kwa bahati mgonjwa hakudhurika. Hapana aliyeona. Je, atasema? Chama cha Wauguzi cha Marekani kilionya baada ya hukumu ile kwamba watu wataogopa kusema. Nasi twaona onyo hilo lina nguvu, kwa sababu kosa lisilosemwa halifi. Majina mawili ya dawa yanayofanana hubaki yakifanana, na atakayekosea kesho ni mwingine, juu ya mgonjwa mwingine. Dini hutufundisha kushuhudia haki hata juu ya nafsi zetu. Lakini ni wajibu mzito kuliko wote, na jamii inayomwadhibu mwenye kuutekeleza yajinunulia ukimya.

Miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson wa Harvard alichunguza wodi kadhaa za hospitali, akitaraji kwamba zile zenye uongozi mwema na umoja zitakuwa na makosa machache ya dawa. Akakuta kinyume: ndizo zilizoandikisha makosa mengi zaidi! Alipochunguza sana akafahamu kwamba huko watu walithubutu kusema, na kwingine waliyaficha. Hivyo daftari safi si dalili ya wodi salama. (Wakubwa wanaojisifu kwa daftari safi wangefanya vyema kulitafakari jambo hili.)

Wengine hujibu: wauguzi wawe na moyo wa kazi, na yote yatakwisha. Moyo wa kazi ni kitu chema, nao ndio humwamsha muuguzi kwenda kutazama mgonjwa ambaye hakuita. Lakini moyo hauongezi mikono. Utafiti wa Linda Aiken na wenzake, uliotolewa 2002 juu ya hospitali 168 za Pennsylvania, ulionyesha kwamba kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa juu ya muuguzi mmoja, hatari ya waliopasuliwa kufa katika siku 30 iliambatana na ongezeko la asilimia 7. Na wauguzi wenyewe walizidi kuchoka rohoni. Anayempa mtu mzigo usiobebeka, kisha akamhubiria moyo, ajihukumu mwenyewe kwanza.

Itaulizwa: je, wazembe waachwe? La. Anayekuja kazini amelewa, au anayejua hatari na kuipuuza kwa kusudi, amevunja amana na apaswa kujibu. Jamaa za marehemu nao wana haki ya kuambiwa ukweli wote, upesi, na kulipwa. Lakini mkono ulioteleza si moyo uliodharau, na kuvihukumu viwili hivi kwa kipimo kimoja si uadilifu.

Mwaka 2024 jimbo la Kentucky lilipitisha sheria ya kuwakinga watoa huduma za afya na mashtaka ya jinai kwa makosa ya kazini, isipokuwa uzembe mkubwa na ubaya wa makusudi. Ni hatua njema, lakini mwenye kuisoma kwa makini ataona kwamba neno "mkubwa" limebeba kesi nzima. Waendesha mashtaka wa Nashville nao walisema kwamba uzembe wa Vaught ulikuwa mkubwa. Na waliolipanga lile kabati, lenye majina mawili kwa dawa moja, hawakuulizwa wao walizembea kiasi gani.