Cheo na Fidia

Katika jeshi karibu kila kitu hugawanywa kwa cheo: mshahara, chumba cha kulala, meza ya chakula, saluti, na hata heshima za maziko. Je, madhara nayo yapimwe kwa kipimo hicho? Mtu aliyetoa amri na mtu aliyeitii wakipatwa na ugonjwa mmoja kwa sababu moja, haki yao ya kulipwa ni sawa? Swali hili halikuzuka katika vitabu vya wenye hekima. Lilizuka katika matumbo ya manowari za Marekani na Uingereza, na kitu kilicholizusha ni vumbi.

Asbesto ni jiwe lenye nyuzi. Nyuzi zake hazishiki moto, zaweza kusokotwa kama pamba, na zamani zilipatikana kwa bei rahisi. Kwa sababu hiyo manowari zilizoundwa kati ya miaka ya 1930 na 1970 zilijaa asbesto. Mabomba ya mvuke yalivikwa asbesto, bwela zilizungushiwa asbesto, na viungo vya pampu vilizibwa kwa asbesto. Kila matengenezo yalipofanywa, vumbi lilitanda katika vyumba visivyo na madirisha. Uzi wake ni mwembamba hata jicho haliuoni. Ukivutwa kwa pumzi huweza kukaa katika pafu maisha yote, na baada ya miaka 20, 40 au zaidi huenda ukazaa makovu ya mapafu, saratani ya mapafu, au mesotelioma, yaani saratani ya utando unaoyafunika mapafu. Hakuna kiasi cha vumbi hilo kilichopata kuthibitishwa kuwa ni salama.

Hatari hii haikufichika kwa wote. Mwaka 1930 taarifa ya wakaguzi wa viwanda wa Uingereza ilionyesha kwamba vumbi la asbesto huharibu mapafu ya wafanyakazi. Lakini mwaka 1946 uchunguzi uliofanywa katika viwanda vya kuundia meli vya Marekani ulitoa hukumu kwamba kazi ya kuvika mabomba haikuwa ya hatari. Waliochunguzwa, wengi wao sana, walikuwa hawajatimiza miaka 10 katika kazi hiyo, na ugonjwa huu hauna haraka. Mwaka 1960 madaktari wa Afrika Kusini walieleza uhusiano wa mesotelioma na machimbo ya asbesto ya Rasi ya Kaskazini, na tangu hapo udhuru wa kutojua ukawa mwembamba.

Sasa yasikilizwe maneno ya wale wasemao kwamba ofisa mkuu asilipwe sawa na baharia. Husema hivi: ofisa alikuwa na elimu na sauti, baharia hakuwa na moja wala jingine. Ofisa aliweka sahihi katika hati za matengenezo. Baharia alishika nyundo. Ofisa amestaafu kwa pensheni nono. Baharia aghalabu aliondoka jeshini mikono mitupu. Basi, wakiwekwa katika mizani moja, mmoja ni mshirika wa kosa na wa pili ni mhasiriwa wake. Hoja hii ina nguvu, na asiyeijibu hana haki ya kuipuuza.

Maisha ya Admirali Elmo Zumwalt yaweza kuipima. Alihitimu chuo cha wanamaji cha Annapolis mwaka 1942, akahudumu katika manowari wakati wa Vita Kuu ya Pili, na kati ya mwaka 1970 na 1974 akawa mkuu wa jeshi lote la wanamaji la Marekani. Alipoongoza vikosi vya majini huko Vietnam, aliamuru dawa ya kuua majani inyunyiziwe kandokando ya mito ili maadui wasipate maficho. Mwanawe alihudumu katika mito hiyohiyo, akafa kwa saratani mwaka 1988, na baba aliamini kwamba dawa ile ndiyo iliyomwua. Zumwalt hakuikana amri yake. Alishikilia kwamba iliokoa maisha ya vijana wengi. Hata hivyo alitumia miaka yake ya uzee kuwatetea askari waliodhurika na dawa hiyo ili walipwe. Naye mwenyewe alifariki tarehe 2 Januari 2000 kwa mesotelioma.

Katika mtu huyu mmoja mtoa amri na mdhurika wamekutana, na makutano hayo yanafunua kosa la hoja iliyotangulia. Hoja ile inachanganya mambo mawili: hukumu na fidia. Hukumu huuliza nani alikosa. Fidia huuliza nani alidhurika. Ofisa aliyejua hatari akawaficha vijana wake anastahili kushtakiwa, na cheo chake kiongeze uzito wa lawama. Lakini ofisa wa namna hiyo ni wa kuthibitishwa, si wa kudhaniwa. Jemadari wa leo alikuwa luteni wa jana. Alilala chini ya mabomba yaleyale na hakuambiwa neno na waliouza bidhaa ile. Kumnyima fidia kwa sababu ya cheo alichokipata baadaye ni kumwadhibu bila kumhukumu.

Sheria nazo zimelifikia jambo hili kwa mwendo wa kobe. Mwaka 1950 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba askari hawezi kuishtaki serikali kwa madhara yatokanayo na utumishi wake. Mlango huo umefungwa kwa wote, admirali na baharia. Imebaki milango mitatu. Wa kwanza ni malipo ya serikali kwa wanajeshi wa zamani, yanayopimwa kwa kiwango cha ulemavu, wala si kwa cheo; mesotelioma huhesabiwa asilimia 100. Wa pili ni mifuko ya amana ya makampuni yaliyofilisika, kama Johns-Manville, iliyoomba hifadhi ya mahakama mwaka 1982. Wa tatu ni kuwashtaki watengenezaji wa mitambo. Mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba waliotengeneza mitambo ya manowari iliyohitaji asbesto walipaswa kuonya, hata kama asbesto yenyewe iliuzwa na wengine. Huko Uingereza, sheria ya mwaka 1947 iliwazuia askari kushtaki. Ilirekebishwa mwaka 1987, lakini rekebisho halikurudi nyuma kuwafikia waliodhurika kabla yake. Tangu mwaka 2016 wenye mesotelioma wanaweza kuchagua malipo ya mara moja ya pauni 140,000.

Mambo mawili katika sheria za Marekani yanastahili kufikiriwa. Mjane wa askari aliyekufa kwa madhara ya utumishi kabla ya mwaka 1993 alilipwa kwa cheo cha mumewe. Waliofiwa tangu mwaka huo hulipwa kiwango kimoja cha msingi. Hapo sheria ilikiri kwamba kilio cha nyumba ya kapteni si kirefu kuliko kilio cha nyumba ya baharia. Tena, kwa muda mrefu ofisa mstaafu aliyepokea fidia ya ulemavu alikatwa pensheni yake kwa kiasi kilekile. Tangu mwaka 2004 makato hayo yalianza kuondolewa kwa waliotumika miaka 20 na wenye ulemavu wa asilimia 50 au zaidi. Hapo sheria ilikiri jambo la pili: pensheni ni ujira wa kazi, fidia ni malipo ya madhara, na deni moja halilipwi kwa kufuta jingine.

Limebaki swali moja gumu. Mifuko ya makampuni si bahari. Mfuko wa Manville ulipungukiwa hata ukalazimika kulipa sehemu ndogo tu ya kila dai. Ofisa mwenye mali anapochota humo, anachota katika mtungi wanaoutegemea mabaharia maskini. Ana haki ya kuchota. Lakini haki ni ruhusa, si amri. Akiacha fungu lake kwa hiari, huo ni ukarimu, na ukarimu haulazimishwi na sheria.

Jambo ambalo hana hiari nalo ni kunyamaza. Maofisa wengi walifunzwa kwamba kulalamika ni aibu. Lakini mficha maradhi, kilio humfichua, na ofisa afichaye ugonjwa wake huficha pamoja nao ushahidi. Yeye ndiye ajuaye meli gani ilitengenezwa bandari gani, mwaka gani, na nani walikuwa chini sakafuni siku ile. Baharia aliyesahaulika huenda akashindwa dai lake kwa kukosa shahidi mmoja tu. Katika fidia cheo hakina fungu la ziada. Katika ushahidi kina wajibu wa ziada. Dawa ya deni ni kulipa, nalo deni la ofisa kwa watu wake hulipwa kwa kusema.