Fedha za Dau: Nani Ana Haki ya Kuuliza?



Ninyi mnaotafuta riziki Kenyatta Market, kwenye nyama choma na vibanda vya ususi, mwajua kwamba uwanja wa mbio za farasi wa Barabara ya Ngong hauko mbali. Upo tangu 1954, na mara nyingi mbio huwa Jumapili. Siku hizi hata nauli haihitajiki, kwani dau huwekwa kwa simu. Je, ni nani amwulize mchezaji kama ana uwezo wa kuzipoteza fedha hizo?

Huko Uingereza, tangu Februari 2025, mteja wa kamari akiweka zaidi ya pauni 150 kwa mwezi, kampuni yapaswa kuchunguza kama amefilisika au ana deni la mahakamani. Watu wa farasi walikwisha kulalamika. Zaidi ya 100,000 walitia sahihi ombi la kupinga uchunguzi wa namna hiyo, na Bunge likalijadili Februari 2024. Walisema mbio huishi kwa dau, na kwamba mtu mzima haulizwi juu ya fedha zake.

Malalamiko hayo si ya bure. Mtunza farasi naye ana watoto, na kazi yake ni halali. Lakini riziki yake haiwezi kutoka katika unga wa watoto wa mwingine.

Katekisimu, katika namba 2413, hufundisha kwamba kuweka dau si kosa kwa asili yake. Huwa kosa linapomnyima mtu mahitaji yake, au ya wale wanaomtegemea. Basi kipimo si wingi wa fedha. Shilingi 500 za mwenye kulipa karo zaweza kuwa burudani, lakini shilingi 50 za mwenye deni la kodi ya nyumba ni haki ya watoto wake.

Kampuni yaweza kuona deni la mahakamani, lakini haioni barua ya shule iliyofichwa chini ya godoro. Mwenzi wako huiona. Kwa hiyo mke akiuliza, usimwambie, "Fedha ni zangu." Siku ya ndoa ulimpa haki ya kuuliza. Nawe mama, uulizwapo juu ya bahati nasibu, jibu vivyo hivyo.

Hata hivyo, kupekua simu usiku ni kazi ya askari. Ulizaneni waziwazi, kabla fedha hazijatoka. Mshahara ukifika, kaeni pamoja na daftari: kodi, karo, chakula, sadaka, akiba. Kinachobaki, kubalianeni matumizi yake. Kama hakibaki kitu, hakuna dau. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Na mmoja wenu akiona hawezi kuacha, au ameanza kuficha, asingoje mpaka vyombo viuzwe. Amwambie mwenzake leo, kisha waende pamoja kwa padre au mshauri. Hakuna sheria ya serikali iwezayo kuwafanyia hilo.

Mungu azibariki nyumba zenu.