Mwalimu wa Kinanda na Mrithi Wake

Liko swali ambalo walimu wa muziki huulizana kwa sauti ya chini, wala hawalitaji hadharani, kwa kuwa mwenye kuliuliza huona haya. Swali lenyewe ni hili: Je, yampasa mwalimu wa kinanda kumfundisha mwanafunzi wake yote ayajuayo, hata ikiwa mwanafunzi huyo kesho atakikalia kiti chake? Tumeona ni vema tulitazame mwezi huu, maana haliwahusu walimu wa kinanda peke yao. Seremala, fundi cherehani, mkunga na karani, wote hukutana nalo.

Na tuliweke swali mahali tunapopajua. Pale Uyole barabara kuu itokayo Dar es Salaam hugawanyika. Njia moja huendelea Mbeya mjini hata Tunduma, na nyingine huteremka Tukuyu na Kyela mpaka nchi ya Malawi. Basi tuseme kwamba mahali kama hapo pana shule ndogo ya muziki ya jumuiya, yenye piano moja ya zamani na vinanda viwili vya umeme, na mwalimu awafundishaye jioni watoto wa wakulima na wa wenye maduka. Jumapili mwalimu huyo hupiga kinanda kanisani, akapewa posho kidogo. Jumamosi huitwa arusini, akalipwa zaidi. Miongoni mwa wanafunzi wake yumo kijana mwenye sikio zuri kuliko lake. Mwalimu aona wazi ya kuwa akimfundisha huyu miaka miwili tu, watu wa arusi watamwita yeye. Naye mwalimu ana watoto wa kulisha. Afanye nini?

Tusikimbilie kumhukumu. Hofu yake si ya bure, na mtu asiyepata kuona njaa nyumbani mwake asiicheke. Lakini kwanza tufahamu jinsi ujuzi unavyofichwa, maana wasioijua kazi hii hudhani ya kuwa kuficha ni kufunga kitabu au kusema uongo. Sivyo. Katika kinanda mtu huficha kwa kunyamaza.

Piano ina vibao 88, vyeupe 52 na vyeusi 36. Nao mkono una vidole vitano tu. Mwanafunzi akianza do kwa dole gumba, akapanda ngazi ya sauti, vidole vyake vitamwishia kwenye sol, na do ya juu ingali mbali. Dawa yake ni hii: akiisha kupiga mi kwa kidole cha kati, dole gumba lapita chini ya vidole vingine, lashika fa, ndipo vidole vilivyobaki vyafuata hata juu. Jambo hili laonyeshwa kwa dakika moja. Lakini asiyeonyeshwa aweza kuhangaika mwaka mzima akiurusharusha mkono, mwisho akaamini kwamba hakupewa kipawa. Mwalimu hakumwambia neno la uongo hata moja, alinyamaza tu. Naye mwanafunzi huenda kwao akijilaumu mwenyewe. Hapo ndipo twaona ubaya wa jambo hili: huyo kijana hakunyimwa ujuzi peke yake, bali ameaminishwa habari ya uongo juu ya nafsi yake.

Katika historia ya muziki wa kanisa letu kiko kisa kinachofaa kukumbukwa. Johann Sebastian Bach alizaliwa Eisenach, Ujerumani, mwaka 1685. Kabla hajatimiza umri wa miaka kumi alifiwa na wazazi wote wawili, akachukuliwa na kaka yake mkubwa, Johann Christoph, mpiga kinanda wa kanisa la Ohrdruf, aliyemfundisha misingi ya kazi hiyo. Kaka alikuwa na kitabu cha nyimbo za kinanda za mabwana wakubwa wa siku zile, wala hakumruhusu mdogo wake kukitumia. Alikifungia ndani ya kabati lenye mlango wa kimia. Kwa habari iliyochapwa mwaka 1754, miaka minne baada ya Bach kufa, mtoto yule alikuwa akipitisha mkono wake mdogo katika matundu, akakikunja kitabu na kukitoa, akakinakili usiku kwa mwanga wa mbalamwezi, maana hakuwa na taa. Alifanya hivyo kwa muda wa miezi sita. Kaka alipogundua, alimnyang'anya hata ile nakala.

Hatujui moyo wa kaka yule ulikuwa na nini. Siku zile kitabu cha namna hiyo kiliandikwa kwa mkono, kikawa mali ya thamani. Huenda aliona mtoto hajakomaa. Lakini tutazame alivyofanya mdogo wake alipokuwa mwalimu. Mwaka 1720 Bach alimwanzishia mwanawe Wilhelm Friedemann, mwenye umri wa miaka tisa, kitabu kidogo cha kujifunzia kinanda. Mwanzoni aliyaeleza majina ya noti, na katika kipande kimoja aliandika tarakimu za vidole, ili mtoto asipotee. Tena mwana mwingine, Carl Philipp Emanuel, alichapa huko Berlin mwaka 1753 kitabu juu ya upigaji wa kinanda, akaeleza ya kwamba baba yake katika ujana aliwasikia wapigaji wakubwa wasiotumia dole gumba isipokuwa kwa lazima, naye akalipa kazi kubwa zaidi. Basi lile dole gumba tulilolitaja halikubaki siri ya nyumba ya Bach. Liliwekwa katika kitabu, kila mtu asome. Aliyefungiwa kabati utotoni hakujifunza kufunga, alijifunza kufungua.

Wengine watasema, “Ujuzi wangu ni mali yangu, niliutolea jasho.” Jasho hatulikani. Lakini tuulize, ni nani katika sisi aliyeanza mwenyewe? Kwaya zetu husoma do, re, mi. Mpango huo wa kuandika nyimbo kwa herufi ulibuniwa Uingereza na mwalimu Sarah Glover wa Norwich, kisha mchungaji John Curwen akaueneza katika karne ya 19, ili watu wasio na fedha wala kinanda waweze kusoma wimbo. Wamisionari wakauleta Afrika. Mwaka 1897, huko Afrika Kusini, Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya, alitunga wimbo akauandika kwa herufi hizo. Na sauti ya wimbo huo ndiyo tunayoimbia wimbo wa taifa letu la Tanzania. Mwalimu wa Uyole asemaye ujuzi ni wake peke yake ausahau mkono uliompa. Ada aipokeayo ni haki yake, ujira wa saa zake na uvumilivu wake. Lakini ada si bei ya kununulia kimya.

Hata hivyo, tusichanganye kuficha na kuchelewesha. Mwalimu mwema hampi mtoto wa mwezi wa kwanza wimbo wenye noti nyingi za upesi, maana kidole kilichozoea vibaya ni kazi ngumu kukirudisha. Huyo hazuii, anangoja. Twawezaje basi kuwatofautisha wawili hawa, nao kwa nje wafanana? Twaona kipimo ni hiki: mwalimu aweza kumwambia mwanafunzi usoni pake sababu ya kumngojesha? Akiweza kusema, “Wimbo huu utaujifunza mkono wako wa kushoto ukiisha kutulia,” huyo achelewesha. Sababu ikiwa ni ya namna isiyoweza kutajwa mbele ya mwanafunzi wala mbele ya mzazi wake, huyo aficha, hata akijidanganya kwa jina la hekima.

Sasa turudi kwenye lile neno gumu, yaani mkate. Huenda mwalimu akifundisha yote atapoteza arusi kadhaa. Hatutamdanganya kwa kusema kwamba hatapoteza kitu. Twasema kwamba hata hivyo yampasa kufundisha, kwa sababu hii: mzazi ampelekapo mtoto shuleni, haleti ada tu, aleta na miaka ya mtoto. Fedha iliyotumika vibaya yaweza kurudishwa, lakini miaka hairudi. Aliyeipokea akijua kwamba hataifanyia kazi yake amechukua kitu asichoweza kukilipa.

Lakini mzigo huu si wa mwalimu peke yake. Luther alitaka mwalimu wa shule ajue kuimba, na sisi twaona fahari kusema ya kuwa kanisa letu ni kanisa liimbalo. Fahari hiyo ina gharama. Chuo cha Dhow Countries Music Academy cha Unguja, kilichoanza mwaka 2002 na kuwafundisha vijana wengi taarabu na muziki wa namna nyingine, kilikuwa karibu kufunga milango yake mwaka 2019 kwa kukosa fedha. Ikiwa chuo chenye jina hivyo chatikiswa, je, mwalimu wa jioni mwenye piano moja? Usharika umpao mwalimu asante tupu, kisha ukamlaumu kwa uchoyo, wafanana na mtu aliyemfunga mbuzi pasipo majani, akashangaa kumkuta ametafuna kamba.

Basi twashauri hivi. Wazee wa usharika wampe mwalimu posho kwa ajili ya kila mpigaji amfikishaye mpaka kupiga ibada nzima, wala si kwa kupiga kwake tu. Hapo mrithi atakuwa faida yake, si hasara yake. Wapigaji wawe wawili au watatu, wapokezane zamu, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Nanyi vijana mliofundishwa, msiende kuomba arusi za mwalimu wenu kwa kupunguza bei. Mkiitwa, ulizeni kwanza kama yeye ameitwa. Mwalimu aliyetoa yote asiaibishwe na yule aliyempa.

Pale Uyole kipo kituo cha utafiti wa kilimo, kilichotoa mbegu za maharage zenye majina kama Uyole 84 na Njano Uyole. Kituo kile hakisifiwi kwa mbegu zilizosalia ghalani mwake, bali kwa zile zilizoota katika mashamba ya watu wengine. Walimu wetu wa kinanda nao tuwahesabu vivyo hivyo. Kila mkutano wa mwaka usharika usiulize tu ni nani atupigiaye kinanda, bali uulize pia ni nani anayefundishwa sasa, na anayemfundisha amelipwa nini. Jibu likikosekana, tusingoje mpaka siku mpigaji wetu mmoja atakapougua au kuhama ndipo tuanze kutafuta wa kumlaumu.